Maneno Kumi kwa Siku

Mlango wa choo changu pale Kitale ulikuwa umeandikwa "ubiquitous". Hilo ni neno la kitu kilichoenea kila mahali, na kweli lilikuwa limeenea. Nililibandika mlangoni, nikalibandika tena juu ya kioo, na mara ya tatu kwenye mtungi wa maji, kwa sababu lilikataa kabisa kuingia kichwani. Nilitumia plasta nyeupe ya hospitalini, ile tunayofungia bandeji. Nilikata vipande vya urefu wa kidole, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika popote macho yangu yangeweza kutua. Jirani yangu, mama anayeuza dagaa wa omena sokoni, aliingia siku moja kuomba chumvi, akazungusha macho ukutani, akaniuliza kama nyumba inavuja.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, muuguzi wa wadi ya wanaume, na sikuwa na utulivu hata wa kunywa chai nikiwa nimeketi. Nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hospitali moja ya Uingereza ilikuwa imeniandikia barua ya kunipa kazi, na barua hiyo ilikuwa na sharti moja: nipite mtihani wa Kiingereza wa wauguzi kabla ya mwaka kwisha. Kusoma nilipita. Kusikiliza nilipita. Kuandika nilipita kwa mbali. Kuongea nilianguka, nikarudia, nikaanguka tena. Ilibaki nafasi moja tu kabla barua yangu haijawa karatasi ya kufungia njugu.

Kuanguka huko kuliniuma kama kofi la hadharani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kusoma ripoti kila mgeni mkubwa alipotembelea wadi. Kiingereza ndicho kitu nilichojivunia tangu nikiwa na meno ya utoto, na sasa mtu nisiyemjua, ameketi mbele ya kompyuta sijui wapi, anasema kuongea sijui!

Ugonjwa huu wa maneno niliupata Bungoma. Shule ya msingi nilisomea pale mjini, nikikaa kwa shangazi, na mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa na sheria yake. Kila Ijumaa tuliandika insha ya Kiingereza, na kila insha ilitakiwa iwe na misamiati kumi migumu, imepigiwa mstari chini kwa kalamu nyekundu ili yeye asipate taabu ya kuitafuta. Kwanza alihesabu mistari, halafu ndipo akasoma, kama alisoma. Hadithi yenyewe ilikuwa kisingizio tu cha kupita na misamiati. Katika insha zangu hakuna mtu aliyekwenda sokoni kwa miguu yake, wote walikuwa "proceeding". Nyumba haikuungua, ilikumbwa na "conflagration". Kila mtoto alikuwa na kijitabu cha misamiati alichokificha wenzake wasimwibie. Siku moja niliweka kumi na minne katika kurasa mbili, mwalimu akanisomesha mbele ya paredi, na shule nzima ikanipigia makofi. Hakuna aliyeelewa, na mimi mwenyewe kuna sehemu mbili ambazo sikuwa na uhakika nazo.

Maneno niliyatoa kwa duka la vitabu la mzee mmoja Mhindi, aliyezaliwa hapo hapo Bungoma na kuongea Kibukusu cha kunishinda mimi. Aliniruhusu kusimama kwenye kaunta na kunakili kutoka kwa kamusi kubwa iliyokuwa imekosa mnunuzi miaka mingi, mradi mikono iwe safi. Aliniangalia wiki baada ya wiki, kisha akauliza, "Sasa hii maneno yote unapeleka wapi?"

Nikamwambia, mbali. Sikuwa na wazo lingine. Nilijua tu kwamba watu walioyasema maneno hayo hawakuwa wakikaa mahali pale nilipokuwa nimesimama, na mimi tangu hapo nimekuwa nikitaka kuondoka mahali nilipo, popote pale.

Ndiyo maana nilipoanguka mara ya pili nilijiambia shida ni upungufu wa maneno. Nikajipangia kumi kwa siku. Nilianza na yale yanayoingia wadini: "exacerbate", kuzidisha ubaya, na "ameliorate", kupunguza makali. Yaliyokuwa hayanihusu nikayameza pia. Niliyarudia nikipiga pasi, nikipima presha za watu, nikisubiri maji yachemke. Wagonjwa walidhani naomba.

Muuguzi mwenzangu pale wadini, mwanamume wa Kachibora, baba wa watoto watatu, alikuwa ameshapita mtihani huo huo mara ya kwanza tu alipojaribu. Hilo lilinichoma vibaya. Kiingereza chake kilikuwa cha kawaida kabisa, cha kununulia sukari, na nusu ya r zake zilikuwa l. Alijitolea kunifanyisha mazoezi saa ya chakula nyuma ya chumba cha kufulia. Yeye anakalia ndoo iliyopinduliwa, ni mgonjwa. Mimi nasimama, ni muuguzi. Siku ya kwanza nilitakiwa nimweleze kwa nini asiache dawa katikati. Nilijipiga kifua nikaanza. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba kuacha mapema, ambako nilikuita "premature discontinuation", kungeweza kufanya hali yake iwe "exacerbated", na nikaendelea hivyo bila kuvuta pumzi.

"Sista," akasema, "sijashika hata moja."

"Unafanya makusudi."

"Mimi ni mgonjwa, bana. Niko na miaka sabini. Wewe niambie tu nimeze hii dawa mpaka lini."

"Hivyo hata mtoto wa nasari anaweza kusema."

"Si basi useme kama mtoto wa nasari! Ati unataka kunitibu ama unataka kunishinda?"

Nilichukua mkoba wangu nikamwacha na ndoo yake. Siku mbili nzima sikuongea naye isipokuwa mambo ya wagonjwa. Niliamini ananionea wivu, ingawa sikujiuliza wivu wa nini kwa mtu ambaye alishapita. Jioni hiyo nilipandisha kipimo kutoka maneno kumi hadi kumi na matano.

Mama yangu alikuwa Naitiri, peke yake tangu baba afariki, na shamba lake la mahindi na maharagwe. Habari za barua ya Uingereza hakuzijua. Nilikuwa nimemwambia nafanya mtihani wa "professional advancement", maana yake kupanda ngazi kazini, nikamwachia neno hilo la Kizungu alitafune. Alilipeleka kanisani likaombewa. Sikudanganya, lakini pia sikusema ukweli, na nilijua tofauti yake vizuri sana. Nilijiambia nitamwambia nikishapita, maana kwa nini nimtie mtu wasiwasi juu ya safari ambayo huenda isiwepo?

Mama ana ugonjwa wa sukari. Mwezi wa tatu wa mwaka huo nilikuwa nimempeleka kliniki Bungoma, kwa kuwa alisema nyayo zake zimekuwa kama za mtu mwingine. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimgusa nyayo kwa kitu kama uzi mgumu, akaniuliza mimi kama anahisi, kisha akanigeukia tukaanza kuongea Kiingereza juu ya kichwa cha mama kama watu wanaopeana mzigo juu ya ua. Nilifurahi. Daktari alitumia neno, nami nikamrudishia kubwa zaidi. Tulipomaliza akasema nimweleze mama, akamwita mgonjwa mwingine.

Nikamweleza pale kwenye benchi la nje. Nilimwambia ana "neuropathy". Nikamwambia mawasiliano ya neva yamekuwa "compromised", kwa hiyo utunzaji wa miguu lazima uwe "meticulous", yaani wa makini mno, na nikaunganisha vipande hivyo kwa Kiswahili kidogo cha kushikilia. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama anavyosikiliza mahubiri.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mayi," akasema. Huniita mayi, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mamake.

Jumapili iliyofuata akawatajia akina mama wa kanisa ugonjwa wake kwa jina lake kamili, bila kukwama hata silabi moja. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Ugonjwa wenye jina la namna ile haukuwa wa kila mtu. Nilikuwa nimesimama karibu, na naona aibu kuandika hivi, lakini kichwa kilinivimba.

Mwezi wa saba baridi iliingia na mvua za mchana. Nilifika nyumbani Jumamosi moja, kijitabu changu cha maneno mfukoni, nikamkuta mama jikoni kwenye kiti kifupi, miguu ameinyoosha mpaka kwenye mafiga, nyayo zikiangalia makaa. Alikuwa akichambua maharagwe na kuimba. Kabla sijasalimia nikasikia harufu ninayoijua kutoka kazini.

Nikapiga magoti nikainua mguu wa kushoto. Kulikuwa na lengelenge kubwa lililopasuka chini ya vidole, na kidole kidogo kilikuwa cheusi. Mama hakuangalia mguu. Aliniangalia mimi usoni, akaona kilichokuwapo, na akataka kunituliza.

"Haiumi," akasema kwa furaha. "Hata kidogo."

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mzazi ndani ya jikoni yake. "Si nilikuambia! Mama, si nilikuambia pale Bungoma!"

"Uriniambia nini?"

"Kwamba una neuropathy!"

"Eeh, hiyo uriniambia," akasema polepole. "Rakini mambo ya moto hukuniambia. Miguu irikuwa baridi, mayi. Mtu akisikia baridi si anaota moto?"

Nilirudi kichwani hadi lile benchi la Bungoma nikaanza kutafuta. Nilikumbuka kila neno nililosema siku ile, kwa kuwa nilikuwa nimejisikia vizuri kuyasema. Nilitafuta sentensi moja tu: usiote moto, mama, kwa sababu ukiungua hutajua. Maneno saba. Niliijua kwa Kiswahili, niliijua kwa Kibukusu, niliijua kwa Kiingereza, na sikuwa nimeisema kwa lugha yoyote.

"Kwa nini hukuniuliza?" Nilikuwa nimeanza kulia sasa. "Kama hukuelewa, kwa nini hukuuliza tu?"

"Ningeuriza aje? Urikuwa unaongea mzuri sana." Akanifuta uso kwa ncha ya leso yake. "Daktari mwenyewe arikuwa anakuangaria. Nikaona nisikuharibie."

Kile kidole kilikatwa Bungoma siku ya Jumanne. Niliomba ruhusa kazini nikakaa naye siku sita, na siku hizo zote sikuweza kuketi. Nilitembea ukumbi wa hospitali kutoka mlango hadi dirisha, nikakunja blanketi ambazo zilikuwa zimekunjwa, nikagombana na muuguzi wa zamu juu ya namna ya kufunga bandeji. Mama alilala kwa amani na kuwaeleza wa kitanda jirani kwamba binti yake anafanya mtihani mkubwa. Nilitamani anitukane. Nilitamani aseme neno moja baya ili nilibebe niende nalo, lakini hakulisema.

Niliporudi Kitale nilimpelekea mwenzangu wa Kachibora mahindi mawili ya kuchoma, hayo ndiyo yakawa msamaha wangu. Aliyaangalia, akaniangalia, akaanza kutafuna. Kisha akapindua ndoo.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka, lakini hayakunyooka. Kusema kwa urahisi kulinishinda. Kila sentensi fupi iliyonitoka iliniaibisha, kama kutoka nje bila viatu. Nilisema "kunywa maji mengi" na ulimi ukawa unawasha kuongeza jambo. Mwenzangu alikuwa akiinua kidole kila nilipoponyoka, na alikiinua mara nyingi. Halafu akanifundisha kitu ambacho mimi, na diploma yangu, sikuwa nimewahi kukifanya sawasawa: baada ya kumweleza mgonjwa, usimwulize kama amesikia. Kila mtu husema amesikia. Mwambie akurudishie yeye, kwa maneno yake, ameelewa nini.

"Hapo ndio utajua kama umeongea ama umeimba tu," akasema.

Siku ya mtihani nilifungiwa katika chumba chenye kompyuta, na mwanamke wa upande wa pili akawa mgonjwa wangu. Kadi ilisema ni mzee anayeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kuvunjika nyonga, na hataki kutumia fimbo ya kutembelea. Nilifungua mdomo, na "meticulous" ikaja hadi kwenye meno. Nikaimeza. Nikamwuliza nyumba yake ikoje. Nikamwuliza anaogopa nini. Nikamwambia bila fimbo ataanguka, na akianguka tena huenda asisimame. Mwisho nikamwomba aniambie mwenyewe atafanya nini akifika kwake, na yule mwanamke, kwa sauti ya kizee aliyoiigiza, akanirudishia yote.

Nilitoka pale nimekata tamaa. Nilipitia mazungumzo yote kichwani na sikuona neno hata moja ambalo mwalimu wangu wa darasa la saba angelipigia mstari. Wiki mbili za kusubiri majibu nilizimaliza kwa miguu. Nilizunguka soko la Kitale bila kununua kitu, nikahamisha kitanda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kukirudisha, nikamkosea adabu mama wa omena kwa sababu tu alinisalimia. Simu ikilia naikimbilia; isipolia, naiwasha kuangalia kama imekufa.

Majibu yalikuja nikigawa dawa. Nilikuwa nimepita, tena kuongea ndiko kulikokuwa na alama ya juu kuliko zote. Mwenzangu akapiga kelele, "Si nilikuambia, bana!" na wagonjwa wakapiga makofi bila kujua ni ya nini. Furaha yangu ilidumu mpaka kitanda cha kumi na mbili. Pale nikakumbuka kwamba sasa ilikuwa lazima nimwambie mama.

Nilikwenda Naitiri wikendi hiyo hiyo, maana nilijijua: nikingoja ningepata neno la kujifichia. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani kwenye turubai. Mama alikaa kivulini mwa nyumba, nikaleta maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko, nikauweka mguu wake pajani kwangu nikaanza kuosha mahali palipokatwa. Palikuwa pamebaki kidogo kufunga. Nilisubiri nimalize kukausha, kisha nikaona nasubiri tu.

"Mama," nikasema, "ule mtihani nimepita."

"Asifiwe Bwana!"

"Ngoja, mama. Ulikuwa mtihani wa kwenda Uingereza. Kuna hospitali imenipa kazi huko. Naondoka mwezi wa kwanza. Nitakaa miaka mitatu kabla sijarudi kukuona. Nilijua tangu mwanzo na sikukuambia. Muuguzi wa zahanati atakuja kuosha mguu kila Jumatatu na Alhamisi, nimeshaongea naye."

Kuku mmoja alipanda kwenye turubai na hakuna aliyemfukuza. Nikafanya nilivyofundishwa, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

"Mama, niambie umeelewa nini."

Akahesabu kwa vidole vya mkono, taratibu, kama mtoto anayerudia somo.

"Unaenda," akasema. "Mwezi ya kwanza. Miaka tatu. Mimi nabaki hapa, na mtu mwingine atakuja kuosha mguu."

"Ndiyo, mama."

"Nimeerewa yote." Akaangalia upande wa shamba, muda mrefu, kisha akanirudia. "Hii sasa, mayi, ndio ungeniambia na Kizungu."

Mguu wake ulikuwa bado mikononi mwangu. Nikachukua bandeji nikaanza kufunga.